Mtoto Akirudi Nyumbani na Ujumbe

SOMO LA WIKI
Maandiko: 1 Samueli 3:1-18, Mwanzo 2:15, Kumbukumbu la Torati 20:19, Yakobo 2:15-16

Wiki hii somo letu linaanzia jikoni.

Mama mmoja wa kanisa alinijia baada ya maombi ya Jumatano (amekubali nisimulie bila kumtaja). Akaniambia, "Pasta, hii shule inaniharibia mtoto." Kijana wake wa gredi ya sita amejiunga na klabu ya mazingira. Siku hiyo alitumwa asaidie kubeba gunia la makaa hadi barabarani, akakataa. Eti miti ikiisha udongo wote unaenda baharini, na yeye hataki kuwa mmoja wa wanaoimaliza. Mama akaniuliza, "Na karo ya dadake inatoka wapi? Si ni hayo makaa?"

Nilimjibu haraka. Nikasema mtoto awatii wazazi, Waefeso 6:1, tukaomba, tukaachana. Nilipofika kwangu nikakuta chakula kiko juu ya jiko la makaa. Nikakumbuka kwamba mstari wa 4 wa sura hiyo hiyo unawaonya wazazi wasiwachokoze watoto wao. Kumbe nilikuwa nimesoma nusu.

1. Mungu anaweza kumtuma mtoto kwa mzee

Samweli alikuwa mtoto tu aliyehudumu chini ya Eli. Usiku ule alipewa ujumbe mgumu kuhusu nyumba ya mzee wake mwenyewe, akaogopa kuusema. Eli angeweza kumwambia, "Wewe unajua nini?" Badala yake alimwita kwa upole, akamtaka aseme yote asifiche kitu. Hapo Eli alifanya vyema.

Siku hizi watoto wengi wana ujumbe. Mwaka 2018 binti wa miaka 15, Greta Thunberg, aliketi nje ya bunge la Uswidi kudai hatua juu ya tabianchi. Kwetu Kenya, Elizabeth Wathuti wa Nyeri alipanda mti wake wa kwanza akiwa na miaka 7; mwaka 2016 akaanzisha Green Generation Initiative ya kupanda miti na watoto wa shule, na mwaka 2021 akasimama Glasgow mbele ya viongozi wa dunia kueleza njaa inayoletwa na ukame hapa nchini. Si lazima tukubaliane na kila kauli ya kila mwanaharakati, na miti hatuiabudu. Lakini hebu nenda mdomo wa Sabaki wakati wa mvua uangalie rangi ya bahari. Ule wekundu ni udongo wa mashamba, kuanzia bara hadi kwetu. Mtoto hakusema uongo.

2. Eli alisikia, lakini hakutengeneza

Baada ya kusikia, Eli alikiri kwamba huyo ni Bwana, na afanye apendavyo. Ni maneno ya kiroho, lakini nyumba yake ilibaki vile vile, na sura ya 4 inaonyesha mwisho wake.

Sisi nasi tuna tabia hiyo. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikatika msimu baada ya msimu, mifugo ikafa Ganze na Magarini. Novemba 2023 mvua ikaja kwa kishindo, mafuriko. Tukasema ni mapenzi ya Mungu, dunia yenyewe inapita. Kuomba tuliomba, na ni vizuri. Lakini Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na hiyo ilikuwa kabla ya dhambi kuingia. Kutunza si laana. Ni kazi ya kwanza tuliyopewa.

Tuseme ukweli, jameni. Wazee wetu walizilinda kaya kwa miko, hata mwaka 2008 UNESCO ikaziweka katika urithi wa dunia. Sisi tulipookoka tuliiacha ile miko. Je, tumeweka nini mahali pake? Kama kuogopa koma kulizuia shoka, na kumcha Mungu aliye hai hakulizuii, tuna shida.

3. Usile mtaji

Mimi nilisomea biashara, na somo la kwanza lilikuwa hili: kula faida, usile mtaji. Mwembe ukiuchoma, utauza magunia machache mara moja. Mwaka ujao huna embe wala makaa. Ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati 20:19 Mungu alikataza kukata miti ya matunda hata wakati wa vita.

Jirani zetu wamejaribu njia nyingine. Zamani wengi waliokaa kando ya Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo pale Gede: wakulima wanafuga vipepeo wa msitu huo na kuwauza nje wakiwa bado pupa. Msitu ukiisha, biashara imeisha. Mwaka 2001 shirika la Kikristo la A Rocha Kenya, lililoko Watamu, likaanzisha mpango wa ASSETS. Wageni wanalipa kutembea kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko ya Mida, na pesa hizo zinasaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi kando ya msitu. Shuleni mwao wanafundishwa mazingira pia. Msitu unalipa karo ukiwa umesimama!

Najua basari hizo hazifiki kila nyumba ya Ganda. Na hapa Yakobo 2:15-16 inatushika. Tukimwambia mama aache makaa, kisha tumwachie deni la karo, tumempa maneno tu.

Nilirudi kwake, nikaomba msamaha, kwake na kwa kijana. Ushirika wake wa nyumbani umeanza mchango wa karo kila mwezi, na wamepanda mivinje kwenye mpaka wa shamba lake, ya kuuza fito na boriti miaka ijayo. Makaa hajaacha kabisa. Muhula huu amechoma mara moja, mkorosho wake uliokauka. Kijana alibeba gunia.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI
1. Mtoto wako ameleta ujumbe gani kutoka shuleni ambao ulimnyamazisha?
2. Katika nyumba yako, mtaji ni upi na faida ni ipi?
3. Ni nani katika ushirika wetu anakata miti kwa sababu ya karo? Tutafanya nini?

LA KUFANYA WIKI HII
Mwulize mtoto mmoja amejifunza nini kuhusu miti. Msikilize hadi mwisho. Kisha pandeni mmoja pamoja, na mkubaliane nani atautilia maji.

OMBI
Baba, tusamehe pale tuliposikia tukakaa. Tupe masikio ya kuwasikiliza wadogo na mikono ya kutengeneza. Fungua njia ya karo kwa kila mzazi anayesoma hapa. Katika jina la Yesu, Amina.