Wajibu Wetu kwa Mama Anayetibiwa Saratani

Wako akina mama wanaoanza kutibiwa saratani ya matiti kwa moyo wote, kisha huiacha dawa njiani. Hawakushindwa na ugonjwa. Walishindwa na mateso ya dawa, wakiwa hawana wa kuwashika mkono. Juu ya jambo hilo yafaa tuelimishane.

Tibakemia ni dawa kali, ambazo mara nyingi hutiwa mshipani kwa dripu. Kazi yake ni kuua chembe zinazoongezeka upesi, na hiyo ndiyo tabia ya saratani. Lakini mizizi ya nywele, utando wa kinywa na uboho wa mifupa navyo vina chembe za namna hiyo. Ndiyo maana huumizwa pamoja. Basi nywele zikianza kupukutika wiki ya pili au ya tatu, tusiseme kwamba mama amerogwa, wala kwamba dawa imemkataa. Kwa kawaida huota tena tiba ikiisha.

Yatupasa kushika mambo matatu.

Kwanza, kichefuchefu. Ziko dawa za kukizuia. Mgonjwa amweleze daktari bila haya. Nyumbani apewe chakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na maji ya kutosha. Akiota vidonda vya kinywa, asukutue kwa maji yenye chumvi kidogo na kutumia mswaki laini.

Pili, homa. Dawa hizi hupunguza chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili. Joto likifika nyuzi 38, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Kungoja kupambazuke kwaweza kumwua. Sala zetu tuzisali njiani.

Tatu, mitishamba. Asiinywe kwa siri, kwani mingine hupingana na dawa za hospitali. Daktari aambiwe yote.

Wala tusimnyime msaada wa roho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Aitiwe padre mapema. Tena asijitese na njaa kwa ajili ya Komunyo: sheria ya Kanisa huwaruhusu wagonjwa, pamoja na wanaowauguza, kupokea hata wakiwa wamekula kitu ndani ya saa moja kabla.

Nanyi akina baba, titi lililokatwa halikukata agano la ndoa. Mliahidi uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Siku za dripu ndizo siku za kuilipa ahadi hiyo. Nayo jumuiya ichange nauli, iteke maji, iwapikie watoto. Simoni wa Kirene hakuweza kumwondolea Bwana msalaba. Aliubeba tu hatua alizojaliwa. Hatua hizo ndizo tunazodaiwa sisi.