Bunduki fupi, kitako cha kukunjwa na sheria: maswali ya wakazi wa Masisi na Walikale

Katika teritwari za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, bunduki imeingia hadi chini ya vitanda na katikati ya mashamba ya mihogo. Wengi walionayo si wapiganaji: waliachiwa, waliiokota, au waliinunua kwa hofu ya wezi. Maelezo haya ni kwa ajili yao na jirani zao.

Je, raia anaruhusiwa kuwa na bunduki?

Bila kibali, hapana. Sheria-Amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inayosimamia silaha na risasi nchini, inamtaka mwenye silaha awe na hati ya serikali. Tena, katika Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Kongo ilitia saini pamoja na majirani zake, nchi zilikubaliana kuwakataza raia kabisa kumiliki bunduki za rashasha na zile zinazojipakia risasi zenyewe kila zinapofyatuliwa. Kalashi imo humo.

Na ikiwa ni fupi? Tumesikia bunduki fupi huhesabiwa kama bastola.

Uvumi huu una chanzo chake, na si ajabu kwamba vijana wameuamini. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1934 inataka bunduki yenye mtutu mfupi kuliko inchi 16, yaani kama sentimita 40, isajiliwe kwa namna ya pekee. Ndipo yakatokea mabastola makubwa yanayofanana na bunduki hizo fupi, yenye kishikizo cha mkono, kipande kinachofungwa kwenye kigasha ili silaha itulie. Mwaka 2023 serikali ya huko ilitoa kanuni ya kuyahesabu mengi kati yake kuwa bunduki fupi, na Juni 2024 mahakama moja ya Texas ikaifuta.

Mabishano hayo ni ya Marekani. Hapa kwetu kinachoulizwa kwanza ni aina ya silaha na kibali cha aliyeishika. Kukunja kitako au kukata mtutu hakuigeuzi silaha ya kivita kuwa ya raia, na bastola yenyewe inahitaji kibali pia. Isitoshe, mtutu uliokatwa ovyo unaweza kumjeruhi anayefyatua, na bunduki inayofichika ndani ya gunia huongeza shaka kwenye kila kizuizi cha barabarani.

Bunduki ya uwindaji iliyoundwa na mhunzi, nayo inahitaji hati?

Ndiyo. Kutengenezwa kijijini hakuiondoi chini ya sheria, na kibali cha silaha si ruhusa ya kuwinda. Ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, inayofika hadi Walikale, uwindaji umekatazwa.

Nikijiita Mzalendo, kama wapiganaji wa kujitolea wanaolisaidia jeshi, je, bunduki yangu inakuwa halali?

Jina pekee halitoshi. Sheria ya mwaka 2023 ilianzisha jeshi la akiba la ulinzi, na askari wa akiba ni yule aliyeandikishwa na kuwekwa chini ya amri ya jeshi. Na hata huyo hana ruhusa ya kutoza watu barabarani wala kulipiza kisasi kwa silaha hiyo.

Mume wangu amefariki akaacha bunduki imefukiwa shambani. Nifanye nini?

Mama, kwanza usiifukue. Risasi zilizokaa udongoni haziaminiki, na huenda pamefukiwa bomu la mkono au kombora karibu yake. Weka alama kwa mbali, wazuie watoto, kisha umweleze mtu mmoja unayemwamini: chifu wa kijiji, padri, mchungaji au mzee wa baraza. Yeye apeleke habari kwa mamlaka au kwa P-DDRCS, programu ya taifa ya kupokonya silaha, kurudisha wapiganaji uraiani na kuinua jamii, iliyoundwa Julai 2021.

Habari itangulie, silaha ifuate. Mtu anayetokea ghafla mbele ya kambi akiwa na bunduki mkononi anaweza kupigwa risasi kabla hajasema neno. Basi saa, mahali na mpokeaji vikubaliwe mapema, mchana, mbele ya shahidi. Omba karatasi inayotaja silaha iliyotolewa na tarehe, na uitunze. Silaha ya kivita hairithiwi kama shamba. Lakini anayeitoa kwa hiari na kwa uwazi hujiweka mahali pazuri kuliko anayekutwa nayo wakati wa msako.

Na kama serikali haipo tunapoishi?

Masisi-centre iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Walikale-centre ilishikwa Machi mwaka huohuo, na wapiganaji hao wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Sheria ya nchi haikomi kwa sababu mstari wa vita umesogea, ila uhai wako ndio wa kwanza. Usivuke mstari ukiwa na silaha, hata kama nia yako ni kuirudisha, kwa maana atakayekuona hataijua nia yako. Iache pasipofikiwa na watoto, usubiri njia salama.

Aliyeweka silaha chini anaweza kuuawa au kupigwa?

Kisheria, hapana. Kifungu cha tatu cha Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, kinachobana jeshi la serikali na makundi yenye silaha sawasawa, kinakataza kumuua, kumtesa au kumdhalilisha aliyeweka silaha chini. Hata hivyo, kujisalimisha hakufuti makosa makubwa: ubakaji, mauaji ya raia na uhalifu wa kivita vinabaki kuwa kesi.

Mtoto lazima alete bunduki ndipo apokelewe?

Uvumi huu umewafanya watoto wabaki msituni, nao si kweli. Aliye chini ya miaka 18 ana haki ya kuachiliwa akiwa na silaha au mikono mitupu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu aliyemwingiza jeshini au katika kundi kwa kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mzazi mwenye mtoto huko asitafute bunduki ya kumkomboa. Apeleke habari kwa UNICEF au kwa mashirika ya ulinzi wa watoto yaliyo karibu naye, na mtoto aje mikono mitupu.