Ndege Aingiapo Nyumbani

Shomoro apitaye dirishani na kujikuta chumbani hukabiliwa na hatari mbili: kioo, na watu wamkimbizao kwa fagio. Hiyo ya pili ndiyo rahisi zaidi kuiondoa.

Wengi hushangaa kwa nini ndege hauoni mlango ulio wazi. Ndege aliyetishwa hukimbilia juu, kwa kuwa angani ndiko kwenye usalama wake. Nyumbani, juu ni dari, na mlango uko chini ya kimo anachorukia. Basi huzunguka hadi achoke. Tena huufuata mwanga. Kioo kwake si ukuta: huona mbingu na miti, akajigonga kichwa.

Jambo la kwanza ni kuzima feni ya dari, ambayo yaweza kumwua mara moja. Paka aondolewe, na milango iendayo vyumba vya ndani ifungwe. Kisha mapazia yote yafungwe na taa zizimwe, ili mwanga ubaki upande mmoja tu, ule wa kutokea. Katika nyumba zenye nondo na wavu wa mbu madirishani, njia hiyo haina budi kuwa mlango wa nje. Baada ya hapo watu watoke na kunyamaza. Ndege akitulia hushuka, akaufuata mwanga.

Akiwa amechoka kabisa, afunikwe kwa kitambaa chepesi na kushikwa kwa wepesi. Ndege hana kiwambo kitenganishacho kifua na tumbo kama cha mwanadamu, na mapafu yake hayatanuki sana. Hewa huvutwa kwa mwendo wa mfupa wa kifua. Mkono ukikibana kifua hicho, ndege hukosa pumzi ingawa koo lake li wazi. Awekwe katika boksi lenye matundu, gizani, wala asimiminiwe maji mdomoni. Teleka, ndege mweusi mwenye mabawa marefu ajengaye penuni, ana miguu mifupi mno na hupata taabu kuruka kutoka sakafuni; huyo hupelekwa nje juu ya kiganja kilichonyooshwa. Mikono ioshwe kwa sabuni. Ndege apepesukaye, au aliyekutwa amekufa, asiguswe kwa mikono mitupu, kwani huenda ana mafua ya ndege; bwana mifugo aarifiwe.

Bundi huingia usiku, na hapo shida si ya ndege tu. Kwa kuwa mlio wake huhesabiwa uchuro, mara nyingi hupigwa mawe kabla hajapewa nafasi ya kutoka, ilhali taa ikizimwa na dirisha likiachwa wazi huweza kuondoka mwenyewe. Alilolifuata ni panya wa darini, si roho ya mtu. Huwameza wazima, kisha hutapika vidonge vya manyoya na mifupa. Mwenye shaka na akivunje kimoja kilichokauka: aghalabu atakuta ndani yake fuvu la panya, na meno yake.