Kupimwa Mkojo na Maana ya Majibu Yake: Kijitabu kwa Wakazi wa Kwale

Katika pwani yetu ya kusini, tangu Diani na Ukunda hadi Msambweni na Ramisi, na bara kuelekea Kinango, pana maradhi ambayo wazee wetu waliyajua na watoto wetu wangali wanayaugua, nayo ni kichocho cha kibofu. Na kwa kuwa maradhi haya hudhihirika katika mkojo muda mrefu kabla ya kumlaza mtu kitandani, imetupasa kueleza kwa tuo jinsi mkojo unavyopimwa na jinsi majibu yake yanavyofahamika.

Asili ya kichocho

Viluwiluwi vya maradhi haya hutoka kwa konokono wadogo wakaao katika mabwawa, vidimbwi na kingo za mito iendayo polepole, na humpenya binadamu ngozini aogapo, afuapo au achotapo maji. Mwilini hugeuka minyoo, wakakaa katika mishipa ya damu iliyo kando ya kibofu, na mayai yao, yenye mwiba nchani, hujipenyeza hadi ndani ya kibofu, ndipo damu ikatoka, aghalabu mwishoni mwa kukojoa. Bahari haina lawama, kwani konokono hao hawaishi katika maji ya chumvi. Tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, aliwagundua minyoo hao mjini Kairo mwaka 1851. Nayo Msambweni imekuwa mahali pa utafiti wa kichocho tangu miaka ya 1980.

Namna ya kupimwa

Mkojo wa kutafutia kichocho hutolewa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yatokapo kwa wingi, na matone ya mwisho yasiachwe nje ya chombo. Mpimaji huchovya kijiti chenye vipande vya rangi, kisha huchuja mililita 10 za mkojo na kutazama kwa hadubini. Mayai yakifika 50 au zaidi, maradhi huhesabiwa kuwa mazito. Yasipoonekana siku moja, hiyo si ithibati ya afya, na tabibu aweza kuamuru kipimo kirudiwe.

Maana ya majibu

Damu huweza kuonekana kwa kijiti ilhali macho hayakuiona. Kwa mtoto wa Kwale aliyezoea kuoga bwawani, sababu ya kwanza ya kushukiwa ni kichocho, wala mzazi asidhani kwamba mkojo mwekundu ni dalili ya kubaleghe. Lakini damu huweza pia kutokana na mawe ya figo, uvimbe, au hedhi iliyochanganyika na mkojo, hivyo mwanamke aliye hedhini amwarifu mpimaji. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hugeuza rangi ya mkojo pasipo damu yoyote.

Chembechembe nyeupe na nitriti huashiria maambukizi ya njia ya mkojo, hasa pakiwapo mwasho na haja ya kila mara. Sukari humpasa mtu apimwe damu, isije ikawa ni kisukari. Protini huweza kutokana na homa au kazi nzito, na kichocho chenyewe huileta, lakini ikidumu hutia shaka juu ya figo. Na kwa mja mzito mwenye shinikizo la damu, yaweza kuwa dalili ya kutangulia kifafa cha mimba, jambo lisilongoja kesho.

Dawa na tahadhari

Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, ambayo kipimo chake hufuata uzito wa mgonjwa, au kimo chake watoto wanapogawiwa shuleni. Dawa hii huua minyoo waliokomaa, ila haimkingi mtu asiambukizwe tena arudipo majini. Kikiachwa, kichocho huharibu kibofu na figo, na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake hudhuru sehemu za uzazi, wakadhaniwa kuwa na magonjwa ya zinaa na kuonewa bure.

Basi, ndugu msomaji, usikojoe majini wala kandokando yake, kwani mayai ya mmoja huwadhuru wengi. Na uonapo damu katika mkojo wako au wa mwanao, usione haya wala usifanye ajizi, bali nenda katika zahanati iliyo karibu nawe, au hospitali ya Msambweni, ukapimwe.