Chuo cha Udaktari na Hospitali Yake

Mhitimu wa kidato cha sita mwenye tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia huanza kwa kuulizia jina la chuo. Lingefaa zaidi swali la hospitali. Shahada ya udaktari nchini Tanzania huchukua miaka 5, ukifuata mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo; baada ya misingi ya anatomia, fiziolojia na biokemia, darasa kuu ni wodi. Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza hupokea wagonjwa wa rufaa, lakini wingi wao hautoshi. Wanafunzi 20 wakizunguka kitanda kimoja, walio nyuma husikia tu, hawagusi. Mwombaji aulize kundi la wodini lina wanafunzi wangapi, na nani huwasimamia usiku. Ada, nayo, ihesabiwe kwa miaka yote 5.