Somo kwa Makatibu: Nafuu ya Kodi kwa Shughuli Mpya ya Chama

Chama cha msingi kinapokusudia kuanzisha shughuli mpya, kwa mfano mashine ya kukoboa na kusaga mahindi mjini, jambo la kwanza kujadiliwa katika mkutano mkuu huwa ni bei ya mashine. Suala la kodi huja baadaye, na pengine huja pamoja na hati ya madai. Somo hili linaeleza namna chama kinavyoweza kupata nafuu iliyowekwa na sheria, na namna ya kuilinda isipotee.

Msingi wa jambo hili

Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza kutoza kodi yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Upande huo wanachama wengi wanaufahamu. Upande wa pili husahauliwa: kodi iliyowekwa kwa sheria haiondolewi kwa kauli ya mtu. Afisa akimwambia katibu kwamba "ushirika haulipi," kauli hiyo haitakisaidia chama siku afisa huyo atakapohamishwa na mwingine kulifungua jalada. Msamaha wa mdomo si msamaha.

Nafuu kutoka Serikali Kuu

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasamehe mapato ya chama cha msingi cha ushirika kilichoandikishwa, lakini kwa masharti. Shughuli za chama ziwe miongoni mwa zile zilizotajwa na sheria hiyo, na mauzo ya mwaka yasizidi kikomo kilichowekwa. Kikomo hicho kilikuwa shilingi 50,000,000, kikaongezwa mwaka 2020 kuwa shilingi 100,000,000.

Tuchukue mfano. Mwaka wa kwanza mashine ya chama inaingiza mauzo ya shilingi 70,000,000. Chama kimo ndani ya kikomo. Mwaka wa pili mauzo yanafika shilingi 108,000,000. Wanachama wanafurahi, na ziada yote inagawanywa. Makadirio ya kodi yanapofika, fedha zimekwisha kulipa karo na kununua mbolea, na chama hakina budi kukopa au kuuza mali. Hapo wanachama hawana kosa, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kwamba kikomo kimevukwa. Kwa hiyo katibu aandike kikomo hicho katika ukurasa wa kwanza wa daftari la mauzo, na kila miezi mitatu aieleze bodi jumla ya mauzo imefikia wapi. Jumla inapokaribia kikomo, bodi itenge akiba ya kodi kabla ya kugawa ziada.

Mtego mwingine ni huu: mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya wanachama huanza kuwasagia watu wote wa mtaa. Je, shughuli hiyo bado imo katika masharti ya msamaha? Jambo hili lisikadiriwe kwa kichwa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamruhusu mlipakodi kumwomba Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato uamuzi wa maandishi. Chama kikieleza habari zote kwa ukamilifu na ukweli, uamuzi huo humfunga Kamishna.

Nafuu kutoka halmashauri

Ushuru na ada za halmashauri hutokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya mwaka 1982, pamoja na sheria ndogo za halmashauri yenyewe. Nafuu zake ni za namna mbili. Ya kwanza hutolewa na sheria moja kwa moja, bila maombi. Kwa mfano, marekebisho ya mwaka 2017 yalipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kuondoa ushuru kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ya pili ni ile ambayo sheria ndogo inaruhusu iombwe. Hiyo haimfuati mtu nyumbani.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya shughuli kuanza, katibu apate nakala ya sheria ndogo inayohusika na asome vifungu vya viwango na vya msamaha.
2. Bodi ipitishe azimio la kuomba, nalo liandikwe katika muhtasari.
3. Barua iandikwe kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ikitaja kifungu kinachotegemewa. Iambatanishwe na nakala za hati ya kuandikishwa kwa chama, namba ya mlipakodi, muhtasari wa bodi na hesabu zilizokaguliwa.
4. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa na kuwekwa katika jalada.
5. Mpaka jibu la maandishi litakapopatikana, chama kiendelee kulipa na kudai stakabadhi.

Mambo ambayo msamaha hauondoi

Msamaha wa kodi ya mapato ya chama haumwondolei mtumishi kodi ya mshahara, wala haukiondolei chama wajibu wa kuikata na kuiwasilisha. Wala haufuti wajibu wa kutunza hesabu na stakabadhi, kwani hizo ndizo ushahidi kwamba masharti yametimizwa. Chama kisichoridhika na makadirio ya Mamlaka ya Mapato kilete pingamizi kwa maandishi katika muda wa siku 30. Barua ya makadirio ikilala mezani hadi siku hizo zipite, haki ya kupinga huwa hatarini kupotea, hata kama madai yenyewe hayakuwa sahihi.

Maswali ya kujadiliwa na wanachama

1. Mauzo ya chama chetu mwaka uliopita yalikuwa kiasi gani, na yako umbali gani na kikomo?
2. Je, ipo nafuu yoyote tunayoitumia leo ambayo hatuna karatasi yake?
3. Katibu akiondoka kesho, nani anajua mahali jalada la kodi lilipo?