Je, korona iliua Wakenya wengi kuliko sisi?

Rafiki msomaji wa Suguti, shika kalamu tupige hesabu. Vifo vya korona vilivyoripotiwa Tanzania ni 846. Kenya ni zaidi ya 5,600. Gawa kwa idadi ya watu: sisi milioni 61.7 (sensa ya 2022), wao milioni 47.6 (sensa ya 2019). Kwa kila watu milioni moja, vifo ni kama 14 kwetu, karibu 120 kwao.

Basi ng'ambo ya Sirari ugonjwa ulikuwa mkali zaidi? Ngoja kwanza! Kuanzia Mei 2020 hadi katikati ya 2021, Tanzania haikutangaza takwimu. Na aliyefia nyumbani bila kupimwa, huku au kule, hayumo kwenye hesabu.

Kumbuka: namba ndogo si lazima vifo vichache. Uliza kwanza, nani alihesabu? Msiba ukitokea nyumbani kwenu, kumbusha wakubwa waende kwa mtendaji wa kijiji kifo kiandikishwe.